Mpiga Dawa wa Nduruma Aliyechelewa Kupumua

Saa nne na dakika kumi na mbili asubuhi niliingiza dawa ya kulegeza misuli kwenye mshipa wa Elibariki, mkulima wa nyanya wa Nduruma, aliyekuja kufanyiwa upasuaji wa ngiri iliyotokeza juu ya kitovu. Dawa hiyo ni fupi. Inamlegeza mtu mwili mzima ili mpira wa hewa upite kooni bila mapambano, kisha inaisha yenyewe kabla chai haijapoa kikombeni. Elibariki alilegea kama ilivyotakiwa. Nikapitisha mpira, nikasikiliza kifua pande zote mbili, nikaufunga kwa plasta, nikafungua gesi ya usingizi na kuanza kumpumulisha kwa kuminya mfuko kwa mkono. Nilitegemea kwamba muda si mrefu angeanza kuvuta pumzi mwenyewe. Hakuvuta. Hata daktari alipofika kwenye nyuzi za mwisho za ngozi, Elibariki alikuwa bado.

Nawaandikia ninyi mnaoingia kwenye kazi hii sasa. Kila nikipita hospitali mnanipa shikamoo, halafu mnaniuliza swali lile lile: mzee, mtu akipigwa nusu kaputi, ndani ya mwili kunatokea nini hasa? Vitabu vinajibu vizuri kuliko mimi. Nina nafasi moja tu ambayo vitabu havina: siku ile nilikaa na mwili mmoja uliolala kwa muda mrefu kuliko ilivyopangwa, nikalazimika kuukagua kiungo kimoja baada ya kingine, kwa sababu kila kimoja kilikuwa mikononi mwetu.

Kuhusu mimi, machache yanatosha. Niliingia thieta kama mhudumu wa kusukuma machela na kuosha sakafu. Kazi ya usingizi niliianza kwa kusimama nyuma ya Mzee Athumani, aliyekuwa akiwalaza wagonjwa kabla yangu, na kwa kujisomea vitabu vya kuazima. Kozi nilipelekwa baadaye, nikiwa tayari nimeshalaza watu wengi. Nilistaafu kwa hiari nilipofikisha miaka hamsini na tano. Hospitali ni ndogo, iko kwenye mteremko wa Meru, na haina haja ya kutajwa.

Mzee Athumani alizaliwa Ngarenaro, baba yake akiwa ametoka Pangani kutafuta kazi. Alikuwa mtu wa maneno machache na kofia safi. Wiki yangu ya kwanza nilimwambia kwamba mgonjwa amelala. Akanitazama.

"Aliyelala ukimwita anaamka," alisema. "Huyu hebu mwite."

Nikamwita. Kimya.

"Basi hajalala. Amekabidhi."

"Amekabidhi nini, mzee?"

"Kila kitu. Moyo, pumzi, joto, mpaka mate yake mwenyewe. Amekukabidhi wewe. Halafu nakuona unaangalia mlangoni kama chai imefika."

Chai ilikuwa imefika kweli. Sikuinywa.

Turudi kwa Elibariki. Daktari wetu wa upasuaji alikuwa Dokta Massawe, mtu wa Marangu, mwenye mikono mepesi na mdomo mwepesi zaidi. Alikata uzi wa mwisho, akavua glovu moja.

"Mtu wa usingizi, mimi nimemaliza shamba langu. Mwamshe mwenye nyumba."

"Hapumui."

"Hapumui vipi?"

Niliacha kuminya mfuko kwa muda mfupi. Kifua kilitulia kama meza. Nikaendelea kuminya.

Nai, muuguzi wetu, binti wa Olmotonyi aliyekuwa akihesabu vitambaa, aliacha kuhesabu. "Yesu wangu," alisema. "Si uzime hiyo gesi, dokta amemaliza?"

Ombi lake lilikuwa na maana, na wengi wenu mngelitoa. Lakini hapo ndipo pa kuanzia, kwenye ubongo. Gesi ya usingizi na dawa ya kulegeza misuli ni vitu viwili tofauti. Gesi inakwenda kwenye ubongo: inaondoa fahamu, inaondoa kumbukumbu, inapunguza maumivu, na inapunguza amri ya kupumua inayotoka sehemu ya chini ya ubongo. Dawa ya kulegeza haigusi ubongo hata kidogo. Inakaa pale mshipa wa fahamu unapokutana na msuli, inazuia amri isipite. Ukifunga gesi wakati misuli bado imelegea, mtu anaamka ndani ya mwili usiotii. Anasikia, anahisi mshono, anahisi mpira kooni, na hawezi kufumbua jicho kuwaambia. Kwa hiyo gesi niliipunguza, sikuifunga. Nikatazama mapigo na presha, kwa sababu mtu anayeamka ndani kwa ndani, moyo wake hukimbia na kumsema. Moyo wa Elibariki ulikuwa umetulia.

Watu wanauogopa ubongo kwa sababu nyingine kabisa. Mfanyabiashara mmoja wa nafaka aliwahi kuniita pembeni kabla ya kulazwa.

"Mtaalamu, nikiwa humo nitasema siri?"

"Hutasema chochote."

"Una hakika? Maana humo ndani nimemwona muuguzi anasali kanisa moja na mke wangu."

Nilimhakikishia. Wanaosema ovyo ni wale wanaorudi kutoka kwenye ketamini, ambayo inaachia kamba za ubongo upande mmoja na kuzishika upande mwingine. Mzee mmoja wa Oldonyo Sambu aliamka kwa dawa hiyo akanieleza kwa utulivu kwamba ametoka kuhesabu mbuzi juu ya kilele cha Meru, na mmoja hakuonekana. Alinidai huyo mbuzi mpaka jioni. Kwa wazee muwe na subira. Ubongo wao unaweza kuchukua siku kadhaa kujipanga, na ndugu zao waelezwe mapema wasidhani amerogwa.

Basi, Elibariki hapumui. Kuna njia ya kuwaza, na sitaki muiache hata mkiwa na mashine zinazopiga kelele zenyewe. Nilijiuliza mambo matatu, kwa mpangilio. La kwanza: je, usingizi ni mzito mno? Hapana, gesi ilikuwa kidogo, na presha ilikuwa nzuri. La pili: je, nimempumulisha kupita kiasi? Mkono wenye wasiwasi huminya haraka, na hewa chafu ikipungua sana kwenye damu, ubongo hauoni sababu ya kuagiza pumzi. Nikapunguza mwendo, nikasubiri. Hakuna kitu. La tatu: je, ile dawa fupi bado iko kazini? Nilimbana kidole gumba kwa nguvu. Mtu mwenye usingizi mwepesi angekunja mkono. Hakuna kilichocheza. Basi ilikuwa misuli. Dawa ya dakika chache ilikuwa bado imemshika, na sikujua kwa nini.

Nai alikuwa ameshafungua kabati. Akanionyesha kichupa. "Hii ya kurudishia misuli si ipo? Tumchome."

"Hiyo ni ya zile dawa ndefu. Kwa hii fupi inaweza kuongeza tatizo."

"Kwa kiasi gani?"

"Badala ya kusubiri mpaka mchana, tutasubiri mpaka usiku."

"Basi naifungia kabla sijatamani," akasema, akageuza ufunguo.

Dokta Massawe alikuwa ametoka kuongea na mke wa mgonjwa. Aliporudi alikuwa ameamua. Hospitali kubwa upande wa Moshi wana mashine ya kupumulia. Sisi tuna mkono. Apelekwe. Alikuwa amemwambia huyo mke atafute pesa ya gari na ya kupokelewa huko.

"Akae nani na mfuko ndani ya gari?" niliuliza.

"Wewe. Nani tena?"

"Sawa. Nipe kwanza nafasi nimwone huyo mama. Sijui ninapeleka tatizo gani."

Dokta hakubisha. Alivuta kiti, akashika mfuko yeye mwenyewe. Nikamwonyesha mwendo: minya, achia, acha kifua kishuke chote, ndipo uminye tena.

Mke wa Elibariki tulimwita Mama Neema. Alikuwa amesimama koridoni, khanga begani, simu mkononi. Hakukaa kwenye benchi ingawa lilikuwa tupu.

"Mama, mumeo yuko salama kwa sasa, ila hajaanza kupumua mwenyewe."

"Hapumui, halafu yuko salama?"

"Tunampumulia sisi."

"Mpaka lini?"

"Ndiyo nataka kujua. Kuna ndugu yake yeyote aliyewahi kufanyiwa upasuaji akachelewa kuamka?"

"Mama yake alizaa kwa upasuaji mara mbili. Aliamka anadai uji."

"Yeye anatumia dawa zozote? Za hospitali, za kienyeji?"

"Hapana. Hata panadoli anabishana nayo."

"Jana alishindaje?"

"Shambani. Anapiga dawa." Aliona bado nasubiri, akaendelea kwa haraka. "Si mlimwambia akishapasuliwa asibebe kitu kizito kwa muda mrefu? Na lile bomba la mgongoni likijaa ni zito. Nyanya zina mdudu sasa hivi, huwezi kuziacha. Akaona azimalize zote kabla hajaja. Zetu, za kaka yangu, na za majirani wanaomlipa. Wiki nzima, asubuhi mpaka jioni. Jana ametoka shambani jua linazama, akaoga, ndiyo tukaja kulazwa."

"Anapopiga anavaa nini?"

"Shati. Na kitambaa puani, upepo ukiwa mkali."

"Hajawahi kuumwa?"

"Kichwa tu. Na mate yanamjaa. Lakini akimaliza anakunywa maziwa, yanakata sumu. Wote Nduruma tunafanya hivyo."

Alilisema hilo la maziwa kama mtu anayekueleza kwamba ugali unapikwa kwa maji. Halafu akasoma uso wangu. "Kwani nyanya zimefanya nini?"

Nilimweleza kama ninavyowaeleza ninyi sasa. Ini linatengeneza kitu na kukimwaga kwenye damu, na kazi mojawapo ya kitu hicho ni kuikatakata ile dawa fupi. Ndiyo maana ni fupi. Baadhi ya dawa za kuua wadudu zinaua kwa kukishika kitu cha aina hiyo hiyo ndani ya mdudu kisiweze kufanya kazi. Zikiingia kwa mtu kupitia ngozi na pumzi, siku baada ya siku, zinakishika na chake. Mtu anaweza asijue, akaendelea kulima na kula na kucheka. Maziwa hayazitoi. Siku anapopewa dawa yetu, hakuna wa kuikata, nayo inakaa.

Nikakumbuka pia nilichokiona asubuhi: mapigo ya moyo ya polepole na mate mengi kuliko kawaida. Mapigo ya polepole kwa mkulima mwenye miguu iliyokomaa kama ile hayashangazi, nami nilimpa dawa ya kukausha mate kama tunavyofanya. Kwenye fomu palikuwa na neno mkulima, nasi sote tulilisoma na kupita. Toka siku ile swali langu la kwanza kwa mgonjwa lilikuwa hili: wiki hii umeshika kazi gani, kwa mikono yako? Ulizeni hivyo. Mkiuliza kazi yake, mtajibiwa kwa neno moja. Mkiuliza wiki yake ilivyokwenda, mtaelezwa bomba, upepo na maziwa.

"Kwa hiyo atapona?" aliuliza Mama Neema.

"Dawa itaisha. Inachelewa tu. Kazi yetu ni kumpumulia bila kukosea mpaka iishe."

"Mimi nimeshampigia kaka yangu simu auze ng'ombe wetu. Ameshampeleka mnadani. Daktari amesema Moshi."

Nilirudi ndani nikamweleza Dokta Massawe. Alisikiliza huku akiminya, bila kupoteza mwendo.

"Sasa tunajua ni nini," alisema. "Bado Moshi?"

"Kule wana mashine. Lakini njiani mpira unaweza kuchomoka, na gari likiruka hatutauona. Hapa hautachomoka."

"Muda gani?"

"Sijui. Saa kadhaa."

"Oksijeni?"

Hilo ndilo lilikuwa swali lenyewe. Tulikuwa na mtungi mmoja uliokuwa umejaa asubuhi, tukiwa tunautumia, na mwingine usiofika nusu. Tulikubaliana hivi: oksijeni ipunguzwe mpaka kiwango kinachoutosha mwili, na mtungi wa kwanza ukiisha akiwa bado hajavuta pumzi, ule wa pili ni wa safari. Hapo tunaondoka bila mjadala. Nai alichora kwa chaki kwenye kioo cha kipimo cha mtungi mstari wa mahali sindano iliposimama. Tangu hapo kila mmoja wetu alipopita aliutazama.

Tulipokezana kuminya, mimi, dokta na Nai. Na hapa sasa ndipo penye jibu la swali lenu, kwa sababu aliyekuwa hashiki mfuko alikagua mwili.

Mapafu kwanza. Mtu akilala chali na misuli ikalegea, tumbo linasukuma kiwambo, ule msuli wa pumzi ulio chini ya mapafu, kwenda juu, na vifuko vya hewa vilivyo nyuma ya mapafu vinaanza kujifunga kama maua ya jioni. Damu inapita hapo bila kuchukua oksijeni. Ndiyo maana mara kwa mara tulimpa pumzi moja kubwa, ya taratibu, kuvifungua. Na ndiyo maana mnawasumbua wagonjwa wakohoe na kukaa siku ya pili hata wakiwatukana. Mvuta sigara atawatukana zaidi, msikate tamaa.

Moyo na mishipa. Gesi inaupunguzia moyo nguvu kidogo na inailegeza mishipa ya damu. Mzee Athumani alikuwa akinieleza kwa mifereji ya Wameru. Mfereji ukichimbwa ukawa mpana mara mbili, maji ni yale yale lakini kina kinashuka, na shamba la mwisho halipati. Shamba la mwisho ni ubongo na figo. Presha ikishuka una njia mbili, alisema: ongeza maji, au bana mfereji. Tulimwongezea Elibariki dripu, na presha ikakaa.

Figo zinafuata presha hiyo hiyo. Zinapopata damu kidogo zinaacha kutoa mkojo, na mwili ulio kwenye upasuaji pia unashikilia maji kwa makusudi, kama unaojiandaa kwa ukame. Kwa upasuaji mfupi hatuhangaiki nazo. Huu ulikuwa umeshakuwa mrefu, tukaweka mpira wa mkojo na mfuko wake. Mkojo ulikuwa kidogo, lakini ulikuwepo, na rangi yake haikuwa mbaya. Nai aliushika juu dirishani kama anayekagua asali. "Figo zinasema zipo," alisema.

Joto linasahauliwa na watu wengi. Ilikuwa Julai, na mnaijua Julai ya huku, ukungu umekaa mlimani mpaka mchana. Mtu aliyelazwa hawezi kutetemeka, na mishipa yake iliyo wazi inapeleka damu ya moto kwenye ngozi baridi. Mwili ukipoa, dawa zote zinachelewa kuisha, damu haigandi vizuri, na moyo unapata vurugu. Tulimfunika mablanketi mpaka shingoni, na Nai aliweka dripu kwenye ndoo ya maji ya uvuguvugu kabla ya kuitundika. Tulifunika na kichwa. Dokta Massawe alivua kofia yake ya sufu, ya kijani, akamvalisha.

"Akiamka na hiyo atadhani amekufa amepelekwa Marangu," alisema Nai.

"Angekuwa na bahati," dokta alimjibu.

Tumbo nalo. Lango la juu la tumbo linalegea, na kikohozi kinachozuia chakula kisiingie mapafuni hakipo. Ndiyo sababu ya kufunga kula. Mama mmoja wa Machame aliwahi kumletea mwanawe mtori wa ndizi kwenye chupa ya chai alfajiri, chini ya kitenge, akamnywesha mpaka chini. Kijana alinieleza mwenyewe wakati nimeshashika sindano. Nilipomfuata mama yake alinijibu, "Wewe ungempeleka mwanao kwenye visu na njaa?" Tuliahirisha mpaka mchana, naye akakaa mlangoni kuhakikisha tumbo linabaki tupu. Hakuwa na ubaya wowote. Alikuwa hajaelezwa sababu. Elezeni sababu, watu watazifuata. Elibariki alikuwa amefunga vizuri, na mpira ulikuwa umefunga njia, kwa hiyo upande huo tulikuwa na amani.

Ini nimeshaligusia. Niongeze kwamba ini la mnywaji linazoea kazi ya kufyeka sumu, na dawa za kawaida zinaweza zisimtoshe. Ulizeni habari za pombe mke akiwepo. Mume mmoja aliwahi kunijibu, "Kidogo." Mke, nyuma yake, akanyoosha vidole vya mkono mmoja, akafikiri, akaongeza na vya mkono wa pili.

Mwisho, vitu vidogo. Macho tuliyafunga kwa plasta yasikauke. Viwiko tuliviwekea vitambaa, kwa sababu mshipa wa fahamu ukibanwa kwa saa kadhaa, mtu anaamka na vidole vimekufa ganzi, na halalamiki kwa sababu hayupo. Kila baada ya muda tulimgeuza kichwa, tukamsogeza visigino. Mwenye mwili angefanya haya yote bila kujua anafanya.

Adhuhuri ilipita. Adhana ilisikika kutoka chini, mbali. Sindano ya mtungi ilikuwa imeacha mstari wa chaki juu na kushuka vibaya. Dereva wa gari alikuja mlangoni, akauliza awashe au asiwashe. Dokta Massawe alitazama mtungi, akanitazama mimi. Nilikuwa na mfuko wakati huo. Nilimwambia dereva ageuze gari, lielekee getini. Nai alianza kukusanya vitu vya safari: mpira wa akiba, mashine ya kufyonza mate, plasta. Tulikuwa tunafanya tulichokubaliana.

Ndipo mfuko ukanivuta mkono.

Sijui namna bora ya kulisema. Kwa saa zote zile mfuko ulikuwa unanitii: naminya, unajaa, naminya. Mara, nikiwa sijauminya, ulijikunja wenyewe ndani ya kiganja changu, kidogo sana, kama mtu aliyekugusa ili usogee. Nikaacha kuminya. Ukajikunja tena.

"Subiri," nilisema.

"Nini?" aliuliza dokta.

"Tazama mfuko."

Wote watatu tuliutazama. Ulijikunja mara ya tatu, zaidi. Kiwambo ndicho msuli wa kwanza kurudi, ndivyo inavyokuwa. Lakini kuvuta pumzi tu hakutoshi. Wengi wamechomoa mpira kwa furaha hapo, mgonjwa akavuta pumzi mbili akachoka. Tulibadili mtungi, nikamsaidia kila alipovuta. Pumzi zikawa ndefu. Nyusi zikakunjana. Nikafunga gesi, sasa kwa haki, tukasubiri.

"Elibariki," nilimwita. "Fumbua macho." Alifumbua. "Bana mkono wangu." Alibana, kwa mkono wa mtu anayelima. "Inua kichwa. Kaa nacho juu. Bado. Bado." Shingo ilitetemeka lakini kichwa kilikaa. Mtu anayeweza kushikilia kichwa chake hewani anaweza kulinda koo lake. Nikachomoa mpira. Alikohoa, akalalamika kwa Kimeru, akashika kofia kichwani asielewe.

Jioni, wodini, nilimweleza kilichotokea, na kwamba popote atakapofanyiwa upasuaji tena awaambie mwenyewe kabla hawajamuuliza. Nilimwandikia kwenye karatasi ya cheti pia. Alisikiliza kwa makini, sauti yake ikiwa bado ya kukwaruza.

"Kumbe nilikuwa naua wadudu na mimi nikiwemo," alisema.

"Karibu."

"Na maziwa?"

"Kunywa kwa kuwa unayapenda. Sumu hayaigusi. Vaa koti la mvua, funika mikono, oga kabla hujashika chakula. Na ukishindwa kuvaa, usipige."

"Joto la Nduruma na koti la mvua," alisema, akafumba macho. Sikupata ahadi yoyote, na siwezi kuwaambia alifanya nini baadaye.

Lakini hayo yalikuwa ya jioni. Mpira ulipotoka tu, Nai alikimbilia koridoni. Nilisikia sauti ya Mama Neema kabla sijafika mlangoni. Hakuwa amemuuliza Nai chochote. Alikuwa ameshaliona jibu usoni mwake, na alikuwa anapiga kelele kwenye simu, wagonjwa wa nje wote wamegeuka.

"Usiuze! Kaka, nasema usiuze! Anapumua! ... Ameshalipa? Mrudishie! Mwambie ana wazimu dada yako, mwambie lolote, mrudishie!"

Alisikiliza, mkono ukiwa kifuani. Kisha akaketi, kwa mara ya kwanza siku ile, akaanza kucheka na kulia pamoja.

Mnunuzi alikuwa ameshafunga kamba ya ng'ombe kwenye gari lake. Kwa muda mrefu hakukubali. Mwishowe alidai elfu ishirini ya usumbufu, akapewa. Bei waliyokuwa wamepatana ni laki tisa na nusu. Ng'ombe alirudi Nduruma kwa miguu, na nyumba ile iliokoa shilingi laki tisa na elfu thelathini zilizokuwa ziishie Moshi.